Kitanzi Kilichokula Sauti Nzito

Alhamisi, 30 Januari

Nimerudi kutoka kituo cha redio. Mgongo unauma, kuinama ndani ya mtambo si kazi ya mtu wa umri wangu. Lakini moyo mweupe.

Umeme ulikuwa ukikatika na kurudi, mtambo wetu unachukua karibu dakika nzima kutafuta masafa yake. Dakika ya kuyumba. Unaingia kwenye masafa ya vituo jirani, unatoka, unarudi. Wakaguzi wa mawasiliano walishatuonya. Leo nimebadilisha kapasita mbili, vile vikopo vya kutunza umeme, kwenye chujio, nimeweka ndogo zaidi. Nikazima, nikawasha. Kufumba na kufumbua, umeshika! Meneja akapiga makofi. Nilimfundisha chuoni, na mpaka leo ananiita Mwalimu mbele ya wafanyakazi wake.

Ngurumo alikuwa mlangoni na kikombe chake cha maji ya moto, akisubiri kuingia studio kusoma taarifa ya jioni. Akauliza nimefanya nini. Nikaanza kumweleza. Akanikatiza, "Profesa, nina taarifa saa kumi na mbili. Ya leo."

Sisi ni marafiki tangu tulipokuwa na nywele nyeusi. Nimezoea kukatizwa naye. Basi nitajieleza mwenyewe hapa, shajara haina taarifa ya kusoma.

Ndani ya mtambo kuna oskileta. Ndiyo inayotetemeka mamilioni ya mara kwa sekunde na kutoa wimbi letu. Ina nguvu lakini ni mlevi: joto likipanda kidogo, inapepesuka. Pembeni kuna kristali. Yenyewe hutetemeka polepole, ila haipepesuki. Kitanzi ni mzunguko unaowaunganisha hawa wawili. Hugawa mitetemo ya oskileta mpaka ifanane na ya kristali, huilinganisha, na ikiona tofauti hupeleka volteji ndogo ya kumvuta mlevi arudi barabarani.

Sasa, sauti ya mtangazaji nayo huingilia kwenye volteji ileile. Huiyumbisha oskileta makusudi, kulia, kushoto, kwa kufuata maneno. Kuyumba huko ndiko FM. Kwa hiyo kuna mmoja anayeyumbisha na mwingine anayenyoosha, wote wameshika kamba moja. Hawagombani kwa sababu mnyooshaji ni mzito wa kuamka. Chujio ndilo linalomfanya mzito. Mimi leo nimemfanya mwepesi.

Jumatatu, 24 Februari

Meneja ameniita ofisini, akafunga mlango.

Wasikilizaji wanapiga simu. Sauti ya Ngurumo imekonda. Mmoja kasema ni kama nzi ndani ya kopo. Mwingine kauliza kama mzee anaumwa na watu wanafichwa. Meneja mwenyewe amesikiliza kwenye gari, na anakiri ni kweli. Akagusia pia kwamba watu wanasema ngoma kwenye muziki zinalia kama vijiko, lakini hilo akalipita haraka, akasema ndizo nyimbo za siku hizi. Nami nikaafiki haraka, maana nyimbo za siku hizi sizipendi.

Anataka Ngurumo apumzike. Hataki kumwambia yeye. "Mwalimu, mimi nikimwambia itakuwa mtoto kamfukuza baba. Wewe ni rika lake."

Jioni nimesikiliza kwa redio ndogo ya jikoni. Ni kweli, imekonda. Ila kwenye redio ile kila kitu kimekonda.

Alhamisi, 27 Februari

Nimemwambia.

Alikuwa ameketi kibarazani, anamenya viazi, mkewe anafua. Nikavuta kigoda. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi: nikaanza na nyuzi za koo zilivyo, jinsi zinavyokazwa na misuli, jinsi umri unavyozikausha na kuzinyima uzito, na kwamba hata ngozi ya ngoma hubadilika. Nikamwambia wasikilizaji wamegundua. Nikamwambia ni maumbile, si aibu. Nadhani nilieleza vizuri. Sijawahi kueleza kitu vizuri kiasi kile.

Aliendelea kumenya mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Kwa hiyo nimekwisha."

Maneno matatu. Kigoda changu kilitetemeka kwa sauti yake. Nililisikia lile tetemeko kwenye mapaja, ninaapa, na bado sikulisikia.

Shemeji akanyanyua kichwa kutoka kwenye beseni. "Amekwisha wapi? Akikoroma mabati yanaomba msamaha. Ni huko redioni kwenu ndiko amekonda. Labda hamumpi chakula."

Tukacheka, mimi na shemeji. Ngurumo hakucheka. Akauliza meneja anasemaje. Nikasema meneja anampenda kama baba. Akasema, "Ahaa," akachukua kiazi kingine.

Nyumbani binti yangu aliuliza imekuwaje. Yuko mezani na cherehani yake, sare za shule zimejaa mpaka kitandani kwangu. Nikamsimulia. Akasimamisha mguu. "Baba, ulimweleza, au ulimpa pole?"

Nikamwambia uzi wake umelegea.

Jumapili, 2 Machi

Ngurumo hakwenda kazini Ijumaa. Hakuaga. Meneja alitaka kipindi cha kumuaga hewani, na keki. Alimpigia simu, Ngurumo akajibu kwamba sauti iliyokwisha haiagi.

Miaka yote ile. Kiti chake studio kimekandamizwa upande mmoja, kwa vile hukaa ameegemea kushoto, kiwiko mezani, kana kwamba anamsimulia mtu mmoja tu. Nimeenda kuchukua bisibisi yangu niliyoisahau, nikakiona. Kile kiti kinalia ukikikalia. Tulimwambia mara nyingi tukitie mafuta. Akakataa, akasema kinamkumbusha kuvuta pumzi kabla ya kuanza.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimekutana na jambo la kuchekesha ambalo halichekeshi.

Ngurumo haongei tena. Ana skafu shingoni jua likiwaka. Anaomba chumvi kwa vidole. Anataka kitabu, anachora mraba hewani. Shemeji aliniketisha jikoni akanieleza kwa hasira ya chini kwa chini: tangu siku nilipokuja, mume wake anaiweka akiba sauti yake kama mtu anayebana maji ya mwisho mtungini. Wajukuu wakipiga simu anawasikiliza tu, wao wanadhani simu imekatika.

Amempeleka hospitali. Daktari amechungulia koo, akashangaa. Akasema ni koo la kijana, haoni kasoro yoyote, mzee aimbe akitaka.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa amemkataa daktari. Anasema daktari ni mtoto, ameona koo kwa dakika tano. Anasema wewe unamjua miaka arobaini, na ulimweleza mpaka nyuzi."

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Sikujua nikiweke wapi.

Nilipoaga, Ngurumo alinisindikiza mpaka barabarani bila neno. Alinishika bega, akaninyooshea kidole gumba. Eti asante kwa ukweli.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeketi kwanza.

Meneja amepata msomaji mpya. Nimemkuta leo kwenye korido ya kituo, jitu la mtu, shati linaomba vifungo visaidiwe. Akanisalimia, "Shikamoo mzee." Sauti! Kama pipa tupu linaviringishwa sakafuni. Vioo vya mlango wa studio vilijibu kabla yangu. Nikasema marahaba, nikawaza, haya, kituo kimepata mrithi, Ngurumo hatasahaulika.

Jioni nikapita kwa kinyozi. Ana redio kubwa ya mbao yenye spika kama sinia, anaringa nayo. Taarifa ikaanza. Msomaji mpya akataja jina lake.

Nzi ndani ya kopo.

Kinyozi akasema, "Huyu naye wamemtoa wapi? Bora hata yule mzee aliyekwisha." Mashine yake ilikuwa nyuma ya sikio langu. Nikainuka na kitambaa shingoni, kichwa kimenyolewa nusu, nikasimama mbele ya ile redio. Kila silabi ilikuwapo, ila haikuwa na miguu. Ikaja tangazo la sabuni lenye ngoma. Ngoma hakuna. Kuna vijiko.

Watu wawili, makoo mawili, ugonjwa mmoja. Basi ugonjwa hauko kooni.

Ni mimi. Mnyooshaji niliyemfanya mwepesi. Sauti nyembamba hutetemeka haraka, inapita kabla hajageuka. Sauti nzito hutetemeka polepole, na yeye sasa ana muda wa kuiona, anadhani ni ulevi wa oskileta, anainyoosha. Kila Ngurumo alipofungua mdomo, kitanzi changu kilikuwa kinamsahihisha.

Hili nimelifundisha darasani miaka mingi. Lilikuwa swali la mtihani. Meneja mwenyewe alilijibu, akapata.

Jumanne, 11 Machi

Nimehakikisha. Kituo hufungwa saa nane mpaka saa tisa mchana kupumzisha mitambo. Nikautoa mtambo kwenye antena nikaufunga kwenye mzigo wa majaribio, ambao humeza nguvu yote bila kurusha chochote nje. Nikaingiza milio ya mashine, kuanzia mwembamba nikishuka. Mwembamba unapita mzima. Ninapofika kwenye milio mizito, kipimo kinaanguka kama mtu aliyekosa ngazi.

Nikamwambia meneja. Hakunilaumu. Akauliza swali moja tu, lile ambalo mwanafunzi mzuri huuliza: "Mwalimu, si turudishe zile kapasita za zamani?"

Ziko kwenye droo yangu, ndani ya kibati cha dawa ya kikohozi. Robo saa ya kazi.

Nikasema hapana. Nikasema tukizirudisha, umeme ukikatika mtambo utaanza tena kutangatanga, na wakaguzi watarudi. Nikasema ipo njia bora, ya kupata vyote viwili, wepesi wa kushika na sauti nzito. Nipe wiki moja. Yote niliyoyasema ni kweli. Ila ukweli mwingine uliketi nyuma yake, kwamba yeye alinipigia makofi mwezi Januari, na mimi sikutaka kufungua kibati kile mbele yake.

"Na Mzee Ngurumo?" akauliza.

"Nitamwambia mimi. Nikiwa na dawa mkononi."

Jumamosi, 15 Machi

Meza ya kushonea imegawanywa. Binti upande wa dirishani na sare zake, mimi upande huu na chuma cha kulehemu. Ameniambia nikiunguza sketi moja nitaivaa mwenyewe.

Njia ni hii. Sauti isiingie mahali pamoja, iingie mahali pawili. Kwenye oskileta, kama zamani. Na kwenye kristali pia. Kristali haipepesuki, lakini ukiivuta kwa volteji inakubali kusogea kidogo sana. Sasa sauti nzito ikiisogeza kristali, kitanzi kinafuata, maana kazi yake ni kufuata kristali. Yule aliyekuwa anaila sauti nzito ndiye anayeibeba. Sauti nyembamba yeye hawezi kuifuata, ni ya haraka mno kwake, lakini hiyo inapita kupitia oskileta. Mmoja anabeba chini, mwingine anabeba juu.

Shida ni kiungoni, pale mmoja anapomkabidhi mwingine. Wakibeba kwa nguvu zisizolingana, panatokea shimo au nundu kwenye sauti. Kuna rezista ndogo ya kuzungusha kwa bisibisi ili kusawazisha. Kuzungusha kwenyewe ni kwa unywele.

Ni njia nzuri. Ina uzuri ambao ningependa kumweleza mtu.

Nilipotoka kununua waya nilipita mbele ya nyumba ya Ngurumo. Alikuwa kibarazani na skafu. Hakuniona. Nikajiambia, Jumanne nitakuwa nimemaliza. Nikageukia kichochoro cha mafundi viatu.

Jumatano, 19 Machi

Sijamaliza. Kuna nundu, na nikiiondoa linakuja shimo.

Shemeji amepiga simu. Mtoto wao wa kwanza anakuja kuwachukua waende kuishi kwake, mji wa mbali. Nyumba watampangisha mtu. Ni Ngurumo aliyetaka, aliandika kwenye ubao wa wajukuu: *Hapa kila mtu ananiuliza sauti iko wapi.* Wataondoka Jumanne.

"Shemeji," akasema, "wewe anakusikiliza. Mwambie asiende. Mimi kaburi la mama yangu liko hapa."

Mdomo nilikuwa nao. Simu ilikuwa sikioni. Maneno yenyewe hayazidi sita: si koo lake, ni mtambo wangu. Nikasema, "Nitakuja kuongea naye."

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hawakusema kitu juu ya ulimi unaokataa kutembea.

Ijumaa, 21 Machi

Binti amezima cherehani leo katikati ya mshono. Si kawaida yake.

"Baba, hiyo dawa unayoitengeneza, mgonjwa ni nani?"

Nikamwambia mtambo.

"Nilidhani ni Mzee Ngurumo."

Nikaanza kumweleza kwamba ni kitu kilekile, kwamba mtambo ukipona na yeye. Aliniangalia kwa utulivu wa mama yake. Akawasha cherehani. Ile cherehani inasema mengi ikitaka.

Kesho naenda. Liwalo na liwe.

Jumamosi, 22 Machi

Nimetoka kwao sasa hivi.

Masanduku yako sebuleni. Ukutani pana alama nyeupe palipokuwa na picha. Ngurumo alikuwa anafunga vitabu kwa kamba, shemeji anashika fundo kwa kidole.

Nilikuwa nimejiapiza nisieleze. Nikasema nikiwa bado nimesimama: "Koo lako ni zima. Ni mtambo. Nilibadilisha kitu mwezi wa kwanza, kikawa kinakata sauti nzito. Msomaji mpya naye kinamkata. Nisamehe."

Shemeji aliachia fundo. Vitabu vikamwagika.

Kisha sijui kilichonipata. Nikaanza kueleza. Unajua, kitanzi kina chujio, na chujio likiwa... Shemeji akasema, "Shemeji, nyamaza." Hajawahi kunikatiza maisha yake yote. Nikanyamaza.

Ngurumo akavua skafu. Polepole, mzunguko kwa mzunguko. Akaikunja vizuri, akaiweka juu ya sanduku. Sauti yake ilikuwa na kutu ya kutotumika, lakini ilikuwa yote.

"Umejua tangu lini?"

Nikasema ni Januari ndipo nilipobadilisha.

"Sikuuliza umebadilisha lini. Umejua lini."

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

Akahesabu kwa vidole vyake vilivyozoea kuomba chumvi. "Na ungeweza kuurudisha ulivyokuwa? Siku ileile?"

Hapa ningeweza kusema juu ya umeme na wakaguzi. Yalikuwa mdomoni, yamejipanga foleni.

"Ndiyo," nikasema. "Robo saa."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa bei na kuikubali. Akainama, akaanza kuokota vitabu. Nikainama kumsaidia. Akasema, "Acha, Profesa. Hivi nitavipanga mwenyewe."

Nilipofika getini shemeji alinifuata. Nilidhani atanitukana. Aliniambia tu, "Miaka arobaini unamsahihisha. Jina la mji, tarehe ya vita, namna ya kukaanga samaki. Siku zote huwa anasema, mwacheni, Profesa anajua. Hukumbuki hata mara moja alipokwambia umekosea?"

Nikafikiri. Sikumbuki. Sijui kama hakuwahi kuniambia, au aliniambia polepole.

Jumapili, 23 Machi

Jana hiyohiyo, nilipomaliza kuandika, nilikwenda kituoni, nikafungua kibati cha dawa ya kikohozi, nikarudisha kapasita za zamani. Haikufika robo saa.

Leo jioni nimesikiliza kwa kinyozi. Ameninyoa nusu iliyobaki, ile niliyoificha chini ya kofia wiki mbili hizi, hakuuliza kitu, kinyozi mwenye adabu. Taarifa ikaanza na ile redio ya mbao ikanguruma mpaka vichana vikacheza kwenye glasi. Wateja wakaitikia. Mmoja akasema, "Aa, sasa hawa wamepata mtu. Huyu ndiye msomaji. Yule mzee walichelewa tu kumtoa."

Niliona uso wangu kwenye kioo. Nyumba ya Ngurumo iko mtaa wa pili kutoka hapo, na madirisha yalikuwa wazi.

Nikawaambia, "Yule mzee hakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa la fundi."

"Fundi gani?" kinyozi akauliza.

"Mimi."

Wakacheka. Walidhani ni utani wa kizee.

Jumatatu, 24 Machi

Umeme umekatika asubuhi, ukarudi, mtambo ukatangatanga kama nilivyosema. Wakaguzi wamepiga simu ndani ya saa moja. Kuwa sahihi hakujawahi kunipa furaha ndogo namna hii.

Meneja anataka bodi yangu ya njia mbili ifungwe kesho mchana, saa ya mapumziko. Bodi iko tayari. Kwa milio ya mashine nimeisawazisha nilivyoweza, lakini mlio wa mashine umesimama mahali pamoja, na binadamu akiongea hupanda na kushuka juu ya kile kiungo katika kila neno. Mguso wa mwisho unataka sauti ya mtu, nzito.

"Msomaji mpya yupo," meneja akasema. "Kuna sauti nzito kuliko ile, Mwalimu?"

Nikamwambia namtaka Ngurumo. Akakumbusha kwamba wanaondoka kesho. Nikasema najua.

Sikwenda kwao, sina uso. Nimempigia shemeji. Nikasema: kesho saa nane, mkiwa njiani, kama gari linaweza kusimama. Mtambo hautakuwa kwenye antena. Hakuna msikilizaji hata mmoja duniani atakayemsikia, ila mimi. Simwombi arudi kazini. Simwombi anisamehe. Nahitaji sauti yake ili nisikosee tena.

Shemeji akasema atafikisha. Kisha: "Na ukimsikia, usimjibu. Sikiliza tu."

Jumanne, 25 Machi

Chumba cha mtambo. Saa nane na kitu. Naandika huku nasubiri, daftari gotini, hedifoni masikioni zikinasa kile mtambo unachotoa. Bodi imefungwa. Mzigo wa majaribio unapasha miguu yangu joto. Feni zinazunguka.

Nilizima nikawasha: umeshika papo hapo. Hilo limefanikiwa. Hakuna aliyepiga makofi, nimo peke yangu.

Dirishani naona gari la mtoto wao nje ya geti. Masanduku juu, yamefungwa kwa ile kamba ya vitabu. Injini inanguruma, hajaizima. Shemeji ameketi kiti cha nyuma, mkoba mapajani, anatazama mbele.

Mlango wa kiti cha mbele uko wazi.

Meneja amechungulia, akasema kwa sauti ya kanisani: "Yuko studio, Mwalimu. Kaingia bila kusalimia mtu. Nimfungulie maiki?"

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

Taa nyekundu imewaka. Hedifoni zimefunguka, nasikia chumba chote cha studio, ukubwa wake, zulia lake. Hajasema. Naweza kubonyeza kitufe na kumwambia aanze, asome chochote, ahesabu tu. Nimezoea hivyo. Kidole kiko juu ya kitufe.

Nimekiondoa.

Gari limepiga honi. Hafifu. Hata honi inapita.

Kimya bado. Bisibisi iko kwenye rezista, sijaizungusha. Nisiiguse mpaka amalize. Hata akisema nini. Hata akikosea tarehe.

Kiti kimelia. Kile kiti — mlio mrefu, mzito, wa chini kabisa, na umefika kwangu mzima, haujaliwa hata kidogo. Ameegemea kushoto.

Anavuta pumzi —